Mstari Niliouruka

Mwezi uliopita tulimuaga Madamu Laurensiya katika hoteli moja ya mtaa wa Kiyovu, mojawapo ya zile kongwe zenye bustani na ukumbi wa dari ya mbao. Alikuwa anastaafu baada ya kuongoza wauguzi karibu maisha yake yote ya kazi, na walioalikwa walikuwa wengi kuliko viti. Kulikuwa na mishikaki ya mbuzi, ndizi za kuchoma, na keki nyeupe iliyoandikwa jina lake. Kila aliyesimama alisema jambo zuri, na mengi ya waliyoyasema yalikuwa kweli. Ilipofika zamu yangu nikasema kwamba Madamu alinipokea nikiwa sijui hata kutandika kitanda cha wodini inavyotakiwa, akanifundisha kumtazama mgonjwa kabla ya kutazama faili lake. Watu wakapiga makofi. Yeye alinitazama kutoka meza kuu, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeshukuru kwa jambo jingine kabisa. Nikaketi. Muuguzi mmoja kijana aliyekaa karibu nami akaniuliza wodi ya kifua kikuu ilikuwaje miaka ile. Nikamjibu kwamba tulifanya kazi sana. Kisha nikaaga mapema.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka ishirini sasa, na wanaonijua wanasema mimi ni mtaalamu wa wagonjwa wasiosikia. Nimejifunza lugha ya alama, nimewafundisha wauguzi wengine, na katika zahanati ninayofanya kazi hakuna kiziwi anayehudumiwa kwa kupigiwa kelele. Watu huniuliza moyo huo niliupata wapi. Huwa nasema ni wito. Ukweli ni kwamba niliupata katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, kwa njia mbaya, na hoteli ile ya Kiyovu ndiyo iliyonichosha kudanganya.

Wodi yetu ilikuwa mwisho kabisa wa eneo la hospitali, ukishapita jengo la kufulia. Ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na madirisha yaliyoachwa wazi mchana na usiku ili hewa isikae. Msimu wa mvua wagonjwa walivaa masweta na kofia za sufu kitandani, na sisi tulipita kati yao tukiwa na barakoa ngumu zilizotuachia alama puani. Chumba cha wauguzi kilikuwa kidogo, kina kabati la dawa, meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua, na jiko la umeme la sahani moja. Hapo ndipo tulipokula mchana. Tulichangia sufuria moja, mara nyingi maharage na isombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa yakapikwa na karanga mpaka yakawa mazito, pamoja na ugali. Madamu Laurensiya hakuchangia sufuria. Alileta chakula chake kwenye bakuli lenye kifuniko, akala kwa uma, taratibu, akisikiliza mazungumzo yetu bila kuinua macho. Yeye alikuwa muuguzi mkuu wa wodi. Mwisho wa mwaka angeandika barua kwa uongozi kusema nani abaki na nani aondoke, na sisi watatu tuliokuwa kwenye majaribio tuliijadili barua hiyo kila alipotoka, kama watu wanavyojadili mvua. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nimepanga chumba kimoja Kicukiro nyuma ya soko, na nilitaka kazi ile kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote.

Sisemi Madamu alikuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Nilimwona akimnawisha mzee mmoja kipofu, akimtajia kila anachofanya kabla hajamgusa, sasa naosha shingo, sasa nainua mkono wa kushoto, kwa sababu, alinieleza baadaye, mtu asiyeona akiguswa ghafla anajiona amekuwa kitu. Nilimwona akigombana na watu wa jikoni kwa uji mwepesi mpaka wakaja na sufuria nyingine. Lakini alikuwa na imani moja isiyotikisika, kwamba wodi nzuri ni ile ambayo daktari akipita hakuti tatizo. Na mimi niliichukua imani hiyo pamoja na mengine yote aliyonifundisha.

Spesiyoza alilazwa kwetu mwezi wangu wa tatu. Alikuwa na kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, na matibabu yake wakati ule yalimtaka alale hospitali kwa miezi mingi na kuchomwa sindano kila siku. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mcheshi, mwenye duka dogo Nyakabanda alikotengeneza vyerehani vibovu. Kazi hiyo alirithishwa na baba yake huko Bujumbura walikoishi kabla ya kurudi nchini. Mafundi walimletea mashine zao, naye hakuifungua hata moja kabla ya kuizungusha na kuisikiliza. Aliniambia mashine ikiwa na sindano iliyopinda inalia hivi, akagonga ulimi, na ikiwa bobini ya uzi imekaa vibaya inalia vile, akagonga tena, na mimi sikusikia tofauti yoyote. Sote wodini alitujua kwa viatu. Nikiingia kwa nyuma alisema jina langu kabla sijafika.

Aliniita Yustina. Madamu, aliyesoma kwa Kifaransa, aliniita Justine. Kwa kuwa nilikulia Tanzania, na Spesiyoza alikulia Bujumbura kwenye mitaa ya Waswahili, tulizungumza Kiswahili, wodi nzima ikitusikiliza bila kuelewa yote. Alikicheka changu, akasema ni cha kusoma taarifa ya habari. Mimi nilikicheka chake. Jioni mume wake Anaklete alileta chakula, maharage yaliyokaangwa kwa vitunguu vingi, akasimama nje ya dirisha kwa sababu ya maambukizi, akamweleza habari za duka na za binti yao mdogo Denize, aliyekuwa na miaka minane na hakuruhusiwa kufika. Walicheka sana wale wawili. Nilikuwa napenda kuandika ripoti ya zamu wakati huo ili niwe karibu na dirisha hilo.

Asubuhi moja, nikimpaka spiriti tayari kwa sindano, alinishika mkono.

"Mdogo wangu, iko kitu inalia ndani ya masikio," alisema. "Kama filimbi. Leo siku ya nne."

Nililijua jambo lile. Chuoni tulifundishwa kwamba dawa ile ya sindano inaweza kuharibu masikio, kwamba huanza na mlio, na kwamba mgonjwa akisema anasikia mlio daktari aambiwe siku hiyohiyo, apunguze au abadilishe, kwa sababu kinachopotea hakirudi. Nikamwambia Spesiyoza kwamba nitasema. Nikamchoma sindano, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nisimchome, kisha nikaandika kwenye karatasi yake, mstari mmoja, saa na maneno yake: mgonjwa anasikia mlio masikioni kwa siku nne. Nikampelekea Madamu. Aliusoma akiwa amesimama mbele ya kabati la dawa. Akasema wagonjwa waliolala muda mrefu husikia kila kitu, kwamba mashine ya kupima usikivu iko hospitali nyingine na foleni yake ni ya wiki kadhaa, na kwamba tukimsimamishia dawa kwa filimbi atakufa akiwa na masikio mazima. Akasema daktari atakuja Alhamisi, tutamwambia.

Alhamisi Daktari Fabiyani alikuja na haraka yake. Alikuwa anahudumia wodi tatu. Alisimama miguuni pa kitanda cha Spesiyoza, akauliza hali. Kabla mgonjwa hajafungua mdomo Madamu akajibu kwamba homa imeshuka, uzito umepanda, analala vizuri. Daktari akafurahi. Spesiyoza akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Madamu, nimeshika faili lenye ule mstari, na ningeweza kulifungua. Nilimwona Madamu amekunja mikono mgongoni, vidole vyake vimetulia, na nikafikiria barua ya mwisho wa mwaka. Daktari akahamia kitanda kingine. Baadaye nilimwambia Spesiyoza kwamba tunalifuatilia.

Niliendelea kumchoma sindano ile kwa wiki tano. Mkono ulikuwa wangu. Wakati fulani alisema filimbi imekuwa kama mvua kwenye bati, nikamwambia Madamu tena, na Madamu akanijibu kwa ukali kidogo kwamba amenisikia mara ya kwanza. Mara hiyo sikuandika. Nilianza kugundua kwamba Spesiyoza anamwomba Anaklete arudie maneno dirishani, kwamba anacheka akiwa amechelewa, na kwamba habari za filimbi hamwambii asije akamtia hofu. Nilijiambia ni upepo, madirisha yako wazi. Halafu asubuhi moja niliingia na sinia yangu, nikamsalimia kutoka mlangoni kama siku zote. Alikuwa amenipa mgongo, anakunja blanketi. Nikamsalimia tena. Mgonjwa wa kitanda cha pili akanitazama mimi, akamtazama yeye. Nilitembea mpaka karibu naye, viatu vyangu vikigonga saruji, na alipogeuka na kuniona alishtuka hadi akaangusha blanketi.

"Umeingia saa ngapi?" aliniuliza, kwa sauti kubwa mno.

Siku hiyo daktari aliitwa upesi. Sindano ikasimamishwa. Alipelekwa kwenye ile hospitali nyingine, na mashine iliyokuwa na foleni ya wiki kadhaa ikapatikana siku ya pili. Jibu lilikuja kwa mistari miwili. Masikio yote mawili, na hayatarudi.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi ninayosifiwa leo. Shida ya kwanza ilikuwa barakoa. Mtu aliyepoteza masikio ukubwani hana lugha ya alama, hana chochote isipokuwa midomo ya watu, na sisi tulikuwa tumefunika midomo yetu. Tulimjia tukionekana macho tu, tunafanya mambo mwilini mwake bila neno. Alianza kukataa dawa. Siku ya tatu Madamu mwenyewe, na hili lazima niliseme, alinionyesha la kufanya. Alimtoa nje kwenye nyasi, akamketisha kwenye kiti jua likimpiga mgongoni, yeye akarudi nyuma hatua tano ambako hewa ni ya kutosha, akashusha barakoa na kusema polepole bila kupaaza sauti. Mwanga uwe usoni kwako si usoni kwake, aliniambia. Usimguse kwa nyuma. Usiseme huku unaandika. Alinifundisha hivyo bila kuwa na haya, mwanamke yuleyule, na nilimchukia na kumheshimu katika dakika moja.

Basi kila siku saa nne nilikwenda naye nje. Kiswahili kilitusaidia, maneno yake hufunguka mdomoni mtu akayaona, na yale asiyoyakamata niliyaandika kwenye daftari la shule lenye mistari mipana. Aligundua haraka kwamba watu sasa wanazungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Siku moja mfagiaji na mgonjwa mwingine walikuwa wakibishana, kando ya kitanda chake, kama Anaklete ataoa mke mwingine. Aliwaona wakimtazama. Aliniuliza wanasema nini, nikasema wanaongelea bei ya viazi. Alinikazia macho.

"Yustina, usinichagulie," alisema. "Wakisema mabaya, andika mabaya. Mimi nikishaanza kuletewa yale mazuri peke yake, nimekwisha."

Nikamwahidi. Nikaandika walichosema. Akasoma, akacheka kicheko chake kipya kisicho na kipimo, akasema Anaklete hana hata mahari ya mbuzi. Kuanzia hapo alinitegemea. Kila jambo lililosemwa karibu naye lilipita kwenye kalamu yangu.

Anaklete ndiye aliyeuliza swali. Hakuwa mtu wa ugomvi, alikuwa dereva wa lori la mchanga, lakini alikuwa ameambiwa na mtu mahali fulani kwamba masikio hayafi ghafla kwa dawa hiyo, kwamba lazima kuna dalili. Akaandika barua kwa mkurugenzi wa hospitali kuuliza kama kuna mtu aliambiwa. Mkurugenzi akaitisha kikao. Siku moja kabla ya kikao, mchana, baada ya wenzangu kutoka, Madamu alifunga mlango wa chumba cha wauguzi. Akaweka karatasi ya Spesiyoza juu ya kitambaa cha maua. Kona yake ilikuwa na doa la chai. Akasema imechafuka, haifai kwenda kwa mkurugenzi hivi, niinakili upya kwenye karatasi safi kwa mwandiko wangu mzuri. Akaweka na karatasi safi kando yake.

Nilimuuliza kama ninakili yote.

"Unanakili yenye maana," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Justine, masikio yake hayatarudi kwa karatasi. Wodi hii ikifungwa, wale kumi na mmoja wengine wanakwenda wapi?"

Nimelifikiria swali lile kwa miaka ishirini, na najua sasa kwamba halikuwa na uhusiano na nilichofanya. Sikunakili kwa ajili ya wale kumi na mmoja. Niliketi, nikaandika tarehe, joto, uzito, mapigo ya moyo, nikafika kwenye ule mstari wa filimbi, nikauruka, nikaendelea na wa chini yake. Haikuchukua nusu saa. Madamu akaichukua ile ya zamani, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni mwa koti lake jeupe. Halafu akanipa nusu ya chakula chake kutoka kwenye lile bakuli lenye kifuniko, samaki wa kukaanga na wali, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nilikila chote.

Kikao kilifanyika kwenye ofisi ya mkurugenzi, chumba chenye zulia na viti vya ngozi. Tulikuwa sita: mkurugenzi, Daktari Fabiyani, Madamu, Anaklete aliyevaa suti ya harusini, Spesiyoza mwenye barakoa karibu na dirisha lililofunguliwa kwa ajili yake, na mimi nikiwa na daftari. Kazi yangu ilikuwa kumwandikia yanayosemwa. Daktari alisema hakupata taarifa yoyote kuhusu masikio, na alikuwa akisema kweli. Madamu akatoa karatasi, ikapita mkono kwa mkono. Mkurugenzi akaisoma, akamgeukia Anaklete kwa upole, akamwambia kwamba kwa bahati mbaya mke wake hakuwahi kueleza dalili zozote. Wakati mwingine wagonjwa huvumilia, alisema, huogopa kwamba dawa itasimamishwa. Anaklete akamtazama mke wake. Uso wa Anaklete ulikuwa umeanza kubadilika, kutoka kwenye hasira ya kututazama sisi kwenda kwenye kitu kingine, na kilikuwa kinaelekea kwa Spesiyoza.

Spesiyoza aligusa daftari kwa kidole. Nikaandika: Wanasema hukuwahi kulalamika. Niliandika vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kutomchagulia.

Alisoma. Akasoma tena. Akanyoosha mkono, akachukua kalamu kutoka vidoleni mwangu na kuandika chini ya maneno yangu: Nilikuambia wewe. Kisha akaligeuza daftari kwangu na kungoja. Hakusema kwa mdomo. Angeweza, sauti alikuwa nayo. Nadhani alinipa nafasi niseme mwenyewe.

Mkurugenzi akauliza, "Anasema nini?"

Nilimwona Madamu akitazama zulia. Nikasema, "Anasema ameelewa."

Anaklete akafunika uso kwa viganja. Mkurugenzi akasema anamshukuru mama kwa uelewa wake, akasimama, na kikao kikaisha. Spesiyoza alikuwa akitazama midomo yetu sote, mmoja mmoja, akijaribu kuona kama nimesema. Barakoa yangu ilikuwa juu. Alijua pale alipoona watu wanapeana mikono.

Alikaa wodini miezi mingine minne. Kifua chake kilipona kabisa, na hilo liliingia kwenye ripoti ya mwaka kama mafanikio. Nilimhudumia kwa kila nilichokijua. Nilimpeleka nje saa nne, nikaketi mbali, nikashusha barakoa, mwanga usoni kwangu. Yeye alifumba macho. Hakunitukana, hakukataa dawa kutoka mkononi mwangu, alifumba macho tu mpaka nilipomaliza kusema na kunyanyuka. Mtu mwenye masikio hawezi kukufanyia hivyo. Atakusikia hata akigeuka. Jioni Anaklete aliendelea kuja dirishani, lakini sasa aliweka chakula kwenye kizingiti na kusema na sisi, si na yeye. Nilimsikia akimweleza mgonjwa mwingine: "Nilimuuliza kila siku hali yake, akaninyamazia. Mwanamke ananyamazia jambo kama hilo." Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nagawa vidonge. Nilimaliza kugawa.

Mwisho wa mwaka Madamu aliandika barua, na mimi nikabaki. Mwaka uliofuata nikaomba mafunzo ya lugha ya alama, nikafundishwa, nikapanda cheo. Sindano ile haitumiki tena siku hizi, siku hizi ni vidonge. Vijana wanaponiuliza habari zake nawaeleza kwa utulivu, kama historia.

Jumamosi iliyofuata ile sherehe ya Kiyovu nilikwenda Nyakabanda. Nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja kwa mkono, kwa Kiswahili, kila kitu kwa mpangilio: filimbi, siku ya nne, Alhamisi, karatasi ya pili, nilichosema kwenye kikao. Nilikuwa nimetia saini. Duka nilielekezwa na fundi viatu. Lilikuwa lilelile, lakini hapakuwa na mashine ndani. Spesiyoza sasa aliuza vifungo, zipu, nyuzi na elastiki kwa mita. Nywele zake zilikuwa na mvi. Alinitambua kabla sijafika kwenye meza, na hakufumba macho. Nikampa ukurasa.

Alivaa miwani, akausoma mpaka mwisho, bila haraka. Akaukunja na kunirudishia.

"Mimi unaniletea za nini?" alisema. Sauti yake ilikuwa imekuwa bapa, kama ya mtu anayesoma. "Mimi nilikuwepo."

Nikasema, nikiwa nimemgeukia vizuri, kwamba nilitaka aniwie radhi. Alinitazama mdomoni mpaka neno la mwisho. Akaniambia Anaklete alikwishafariki, mwaka wa tano huu. Hakuondoka nyumbani, hakuoa mwingine, alimtunza. Lakini kila shida ilipoingia, kila mara walipokosa kitu kwa sababu mke wake hawezi tena kazi ya mashine, alisema kilekile, kwamba ungefungua mdomo tusingekuwa hapa. Spesiyoza alimweleza mara mia kwamba alisema, kwamba alimwambia muuguzi. Anaklete alimjibu kuwa muuguzi alikuwepo kwenye kikao, mbona hakusema. Alikufa akiamini hivyo. Na mtoto, aliyekulia katikati ya maneno hayo, anaamini alichoamini baba yake.

"Denize anatoka kazini saa tisa," alisema. "Kama umekuja kusema, mngoje umwambie kwa mdomo. Karatasi rudi nayo."

Akanisogezea kigoda. Niliketi saa moja na zaidi kati ya maboksi ya vifungo. Wateja waliingia, wakaonyesha vidole, wakalipa, wakatoka.

Denize alikuja akiwa na sare ya duka la dawa, mwanamke mrefu, ana kicheko cha baba yake alipokuwa anaingia, kikaisha aliponiona na kuuona uso wa mama yake. Nilisimama. Nilimwambia mimi ni nani, kisha nikamwambia yote kwa Kinyarwanda, tangu filimbi hadi zulia la mkurugenzi, nikiwa nimesimama mahali ambapo mama yake angeiona midomo yangu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja, nilikuwa na umri gani. Nikamwambia ishirini na minane.

"Ndiyo miaka yangu," alisema.

Halafu akanipa mgongo, akazunguka meza, akamshika mama yake mabega na kumgeuza amtazame. Wakaanza kuzungumza kwa mikono. Nimeijua lugha ya alama kwa miaka mingi na nimewafundisha wengine, lakini ile haikuwa lugha niliyofundishwa. Ilikuwa yao, ya jikoni kwao, waliyoitengeneza wenyewe tangu Denize akiwa mtoto, haraka, vidole vikigusa paji la uso, kifua, sikio. Denize alikuwa analia. Mama yake alimjibu kwa ishara moja ndefu aliyoirudia mara mbili. Nilisogea mlangoni, nikasimama mpaka nilipoona hakuna anayenitazama. Hakuna aliyenitafsiria, nami sikuomba.